Msumeno Ulioitwa Pikipiki

Saa tatu asubuhi, baada ya kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa, Mwalimu aliketi kwenye meza ya chakula, akafuta kioo cha kishikwambi kwa pindo la kanga, akavaa hedifoni na kuanza kusikiliza msitu.

Meza hiyo ilikuwa kazi ya mkono wa marehemu mumewe, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanafunzi wake. "Miaka thelathini na moja," Mwalimu alizoea kuwaambia wageni, akiigonga kwa kidole, "na sijawahi kukunja karatasi nikaiweka chini ya mguu wake." Wageni wenye akili walijua kwamba meza ilikuwa kisingizio tu cha kumtaja marehemu.

Kazi ya kusikiliza ilimjia mwaka wa pili baada ya kustaafu, ambao ulikuwa mwaka wa kwanza wa ujane wake. Ofisi ya misitu ilikuwa imekusanya simu kuukuu, ikazifungia ndani ya vijisanduku vya plastiki pamoja na vipande vya sola, ikazipandisha juu ya miti arobaini. Simu hizo zilisikiliza kutwa na kutuma sauti kwa mtandao hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Watu waliziita masikio. Mwanzoni zilileta maneno. Wanawake waendao kuokota kuni walilalamika kwamba sasa hata mawifi hawasengenyeki kwa raha. Mmoja alisimama chini ya mti, akainua uso, akasema, "Nyie wa ofisini, kama mnanisikia, mwambieni mume wangu chumvi imekwisha." Baadaye wakayazoea, kama watu wanavyomzoea mkwe anayekaa sebuleni bila kusema neno.

Kompyuta ilizichuja sauti hizo yenyewe. Ile iliyoitilia shaka ilimtumia Mwalimu: nusu dakika ya msitu, na chini yake vitufe vitatu. Msumeno. Pikipiki. Kingine. Akibonyeza Msumeno, simu ya mlinzi wa msitu ililia papo hapo, naye akaondoka kuelekea kwenye mti uliosikia. Akibonyeza kitufe kingine chochote, jambo liliishia hapo, ila kompyuta ilijifunza kutokana na jibu lake, ikapunguza ujinga wake kidogo.

Hakuna aliyeshangaa alipochaguliwa. Huyu alikuwa mama aliyefundisha miaka thelathini na angeweza kuandika ubaoni, mgongo kwa wanafunzi, huku akimtaja kwa jina yule anayetafuna pipi safu ya nyuma. Isitoshe, alikuwa mke wa Fundi. Misumeno ya injini aliijua kama wengine wanavyozijua sauti za majogoo wao. Katika miaka mitatu majibu yake yalikuwa sahihi mara tisini na nane katika kila mia, na alama hiyo aliwatajia majirani kwa sauti ileile ambayo wenzake waliitumia kutaja matokeo ya watoto wao.

"Mashine inakuamini wewe kuliko inavyoniamini mimi, Mama," mtaalamu wa kompyuta aliwahi kumwambia, binti mwenye miwani aliyekuwa akimpigia simu kutoka ofisini mara moja kwa mwezi.

"Basi ina akili," alijibu Mwalimu.

Jumanne moja ilimjia sauti kutoka sikio la kumi na saba, lile lililofungwa juu ya kijito. Ndege wawili walikuwa wakijibizana. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka jani hadi jani. Kisha kitu kikakohoa. Kikakohoa tena. Kikanyamaza, kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu kikanguruma.

Mwalimu alikuwa ameshakijua kabla hakijanguruma. Ulikuwa msumeno wa mumewe. Miaka mingi nyuma uliwahi kutumbukia majini pamoja na toroli lake, na tangu siku hiyo, hata ulipobadilishwa plagi na kusafishwa kabureta, haukuwaka bila kukohoa mara mbili na kutua. Watoto walikuwa wakisema msumeno wa Baba una mafua. Fundi hakutaka kuuuza wala kununua mwingine. Alisema ukimtupa mzee kwa sababu ya kikohozi, kesho utatupwa wewe.

Aliirudia sauti ile mara nne. Chini kwenye kioo kompyuta ilikuwa imeandika makisio yake: pikipiki, hamsini na mbili kwa mia. Yaani hata yenyewe haikuwa na uhakika, ilikuwa inamwuliza.

Msumeno ule ulikuwa katika stoo ya karakana, na karakana ilikuwa mikononi mwa mwanawe. Juu ya mlango wake kulikuwa na ubao uliochongwa herufi na marehemu mwenyewe: FUNDI NA MWANAWE. Ndani, katika sanduku la bati, kulikuwa na vibali vya kila gogo alilowahi kuliangusha, vimepangwa kwa miaka. Mwalimu ndiye aliyevipanga.

Akabonyeza Pikipiki.

Angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia hapo. Lakini chini ya vitufe kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Maelezo, si lazima," na mwalimu wa miaka thelathini haachi jibu bila kulitolea sababu. Vidole vyake vilianza kuandika kabla hajaviuliza. "Hii ni pikipiki kuukuu yenye bomba la moshi lililopasuka. Hukohoa mara mbili, hutua kidogo, kisha huwaka kwa mngurumo mzito. Ni rahisi kuidhania msumeno, msikilizaji asidanganyike." Akasoma tena, akaondoa mkato mmoja, akatuma.

Neno lile la mwisho ndilo lililomnyima chakula cha mchana.

Alasiri alijifunga kanga yake ya kutokea, akaenda karakanani. Mwanawe aliitwa Msumari tangu utotoni, kwa wembamba na kwa ubishi. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, baba wa mapacha, na ubishi haukuwa umepungua hata chembe. Alikuwa akipiga randa, na maranda mekundu yalikuwa yakimwangukia miguuni. Nyuma yake yalipangwa madawati kumi na manane, oda ya shule ileile aliyofundisha mama yake.

Mwalimu aliokota kipande cha maranda, akakinusa.

"Mninga huu umetoka wapi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Mama, kwani umekuja kunikagua madaftari?"

Mwalimu alipita mpaka stoo, akafungua. Kwenye kigingi cha msumeno palikuwa na koti la mvua tu. Aligeuka, akakuta mwanawe ameshasimamisha randa.

"Nimeusikia leo asubuhi," alisema. "Kijitoni."

Msumari alimtazama, kisha akacheka kicheko kikavu. "Kwa hiyo mmepandisha masikio mitini ili mama amsikie mwanawe. Haya. Umenisikia. Nimekata miti miwili. Shule inataka madawati arobaini, msitu umefungwa, na mbao za dukani zinapinda kabla hujazifikisha nyumbani. Baba alikata mlemle miaka ishirini."

"Baba yako alikuwa na kibali."

"Siku hizo vibali vilikuwepo. Ungetaka niandike nini mlangoni? Fundi na Mwanawe Asiye na Mbao?"

"Ungekuja kuniambia."

"Ungesema nini?"

Mwalimu aliufunga mlango wa stoo. Akasema, kwa sauti ya chini ili mkwewe, mama wa mapacha, aliyekuwa uani asisikie, "Nimeandika pikipiki. Nimekufunika. Mara hii moja tu. Nipe huo msumeno."

Mwalimu akautoa mwenyewe chini ya madawati ulikofichwa, akaupakia kwenye toroli, akaufunika kwa kanga ya pili, na mama yule aliyekuwa akivuka barabara shingo wima akausukuma mtaani mchana kweupe, akisalimia kushoto na kulia. Jirani mmoja aliuliza, "Mwalimu, unahama?" Akajibu kwamba ni viazi. Nyumbani aliusukumia chini ya kitanda. Chumba chote kikanuka petroli.

Wiki tatu zilizofuata hakutulia. Alihamisha kabati, akalirudisha. Alipiga pasi nguo zilizokuwa zimepigwa pasi, na mapazia, na hatimaye matambara ya kufutia vumbi. Kila asubuhi alivaa hedifoni, akasikiliza nyani, mvua, magari ya mbali, mtoto aliyepotea akiita mbuzi wake. Kukohoa hakukusikika tena. Mwanzoni alishukuru. Baadaye akaanza kuona kwamba hata misumeno mingine, ile ya watu asiowajua, haikuja. Siku nzima ilipita bila sauti hata moja yenye shaka. Kisha siku mbili. Akazima kishikwambi na kukiwasha tena. Akakipiga kofi dogo.

Mtaalamu akapiga simu.

"Mama, nimekupigia nikupongeze. Yale maelezo yako ya pikipiki inayokohoa yametusaidia mno."

"Maelezo gani?" aliuliza Mwalimu, ingawa alijua.

"Ya kukohoa mara mbili na kutua. Hakuna msikilizaji aliyewahi kutuandikia vizuri namna ile. Tumeifundisha mashine kuitenga sauti hiyo katika kundi lake peke yake. Sasa haikusumbui tena. Ikisikia kikohozi inaweka kando yenyewe. Tumerudi hata kwenye sauti za nyuma, tumefuta tahadhari za uongo mia mbili na kumi na mbili."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Zote zinakohoa?"

"Injini kuukuu zote hukohoa, Mama. Au siyo?"

Ndiyo. Hukohoa zote. Na katika nchi yote iliyouzunguka msitu ule hakuna mtu aliyekuwa na msumeno mpya.

"Mashine haiwezi kukosea?" aliuliza.

"Ikikosea, itakuwa imekosea kwa kukufuata wewe," alisema binti, akacheka kwa mapenzi, akaaga.

Siku nne baadaye mlinzi wa msitu alibisha hodi. Jina lake la mtaani lilikuwa Miguu, maana kabla ya simu na masikio alikuwa akiuzunguka msitu mzima kwa miguu, na hata baada ya simu kuja hakuwahi kuacha. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, wa wastani katika hesabu, wa kwanza katika kufika shuleni. Alikataa kiti kwanza, akakubali alipoamriwa.

"Nina shida, Mwalimu. Nimekuta visiki kumi na kimoja. Vibichi, utomvu haujakauka. Vyote vimezunguka sikio la kumi na saba na la kumi na nane. Kimoja kiko hatua hamsini kutoka kwenye sikio lenyewe."

"Umetoa taarifa?"

"Nimepiga picha, nimetuma. Ndicho kilichoniponza. Wameangalia kwenye kompyuta, wakaniambia sikio halikusikia kitu. Mti umeanguka hatua hamsini na sikio halikusikia? Basi ama nililifunika, ama nawajua wakataji. Mwenyekiti wa kamati ya msitu kasema mashine haina shemeji wala rafiki." Alijikuna kidevu. "Ijumaa kamati inakaa. Nimeambiwa nije na simu yao na buti zao."

Mwalimu alinyanyuka kuchemsha chai, akakuta ameshaichemsha.

"Umekuja nikusaidie nini?"

"Barua. Uniandikie kwamba unanijua tangu mdogo, kwamba mimi si mwizi. Neno lako linasikika kule. Langu sasa hata mke wangu analiuliza mara mbili."

Akaandika. Angefanya nini? Aliketi kwenye meza isiyoyumba, Miguu akiwa upande wa pili ameshika kofia, akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: kwamba mtajwa ni mtu mwaminifu, asiyejua hila. Alipofika kwenye neno "ninathibitisha," kalamu ilikwama, akaitikisa, ingawa wino ulikuwepo. Miguu alisoma barua kwa midomo, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Mungu akuweke, Mwalimu," alisema. Hakuna tusi ambalo lingemchoma zaidi.

Hakungoja hata vikombe vikauke. Msumari alikuwa akipaka vanishi dawati la ishirini na saba.

"Kumi na kimoja," alisema mama yake mlangoni.

"Mimi nimekata miwili. Nimeapa na naapa tena. Msumeno unao wewe chumbani."

"Hiyo tisa ni ya nani?"

"Ya kila mtu. Watu wameshajua, Mama. Wanasema masikio yamezibwa nta."

"Nani aliwaambia?"

"Waambiwe na nani? Mtu anakata mmoja, anajificha, anamngoja Miguu atokee. Hatokei. Kesho anakuja na shemeji yake." Alichovya brashi. "Miguu atapata kazi nyingine. Hafungwi. Anavuliwa buti tu."

"Anavuliwa jina."

"Na sisi je? Ukisema, siyo mimi peke yangu. Wewe ndiye uliyebonyeza. Madawati yatarudi, ubao wa Baba utang'olewa, na watu watasema mke wa Fundi alikuwa kiziwi wa kusudi. Ni hilo unalotaka? Wewe, uliyetukataza kula barabarani watu wasituone?"

Mkwewe alitokea uani na ndoo, akawatazama wote wawili, akarudi alikotoka bila kuitua.

Njiani kurudi nyumbani, Mwalimu alipata njia ya katikati, na aliishikilia kwa siku mbili kama mtu anavyoshikilia mwavuli kwenye upepo. Angesema amekosea. Masikio ya mtu mzima. Umri ni umri, hauna aibu. Miguu angerudishiwa buti, mashine ingefundishwa upya, na jina la Fundi lingebaki mlangoni.

Ijumaa ofisi ya kamati ilijaa. Ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, ramani ya msitu ukutani na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti, muuza misumari na bati, alikaa mbele. Mtaalamu alikuwa amekuja mwenyewe na kompyuta yake na spika ndogo. Miguu alikaa peke yake kwenye benchi la pembeni, buti zimefungwa kamba pamoja magotini, miguuni kavaa ndara.

Mwalimu aliomba kusema kabla ya wote.

"Kosa si la mlinzi. Ni langu. Kuna sauti niliisikia vibaya, nikaiita pikipiki, kumbe huenda ilikuwa msumeno. Masikio yangu yamezeeka. Naomba majibu yangu yaondolewe."

Palipita mnong'ono wa huruma. Mwenyekiti alipumua, maana alikuwa hapendi mashauri marefu. "Mwalimu, nani atakulaumu? Hata mimi mke wangu ananiambia sisikii."

"Wewe unasikia, hutaki tu," alisema mtu wa nyuma. Watu wakacheka. Sauti nyingine ikasema, "Mwalimu asisikie? Mimi alinitoa darasani kwa kufikiria kupiga mluzi."

Mtaalamu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta. "Mama, inawezekana. Lakini siwezi kuondoa jibu moja tu kwa maneno. Utaratibu ni kukupima. Sauti kumi. Ukikosa zaidi ya tatu, majibu yako yote ya miaka mitatu yanafutwa, mashine inaanza upya bila wewe. Ukipata, basi hukukosea, na itabidi tutafute sababu kwingine." Alimtazama Miguu bila kutaka.

"Yote?" aliuliza Mwalimu. "Hata yaliyokuwa sahihi?"

"Msikilizaji ni mmoja, Mama. Tukimkataa, tunamkataa mzima."

Mwalimu akakaa kwenye kiti kilichosogezwa mbele ya meza. Kukosa sauti nne. Ni jambo dogo. Watoto walimfanyia hivyo kila Jumatatu kwa miaka thelathini.

Sauti ya kwanza ilitoka kwenye spika, wote wakisikia. Ilikuwa mashine ya kusaga. Mwalimu alitazama ramani, akasema, "Msumeno."

Mabenchi yakakakamaa. Hata mwenyekiti aliyedai hasikii aliijua mashine ya kusaga.

Sauti ya pili ilikuwa gogota akidonoa mti. Akasema, "Pikipiki." Mtu alianza kucheka, akakohoa ili kukifunika kicheko. Mwalimu akamwona Miguu ameinamisha kichwa, si kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa akimwonea aibu mwalimu wake, kama mtoto anavyomwonea aibu mzazi aliyeanguka sokoni. Katika mfuko wa shati lake ile karatasi iliyokunjwa mara nne ilionekana ncha.

Ya tatu ilikuwa mvua juu ya majani ya migomba, akaijibu kweli kabla hajakumbuka kudanganya. Akajikwaa, akaomba radhi, bila mtu kujua anaombea nini.

Ya nne ikaanza kwa ndege wawili wakijibizana. Maji, jani hadi jani. Kikohozi. Kikohozi cha pili. Kimya.

"Zima," alisema Mwalimu.

"Haijaisha, Mama."

"Zima, binti yangu. Ile ya kwanza ni mashine ya kusaga. Ya pili ni gogota. Hii ni msumeno, na hata wiki ile nilijua ni msumeno. Ulikuwa wa marehemu mume wangu. Sasa uko chini ya kitanda changu. Aliyekata nao ni mwanangu, miti miwili, hiyo mingine wameikata watu walioona kwamba hakuna anayekuja. Na hakuna aliyekuja kwa sababu mimi niliiandikia mashine insha."

Feni ilizunguka mara kadhaa. Mwenyekiti alimgeukia katibu, akasema polepole, "Hilo la mwisho tusiliandike. Mwalimu amechoka. Mletee maji."

"Sijachoka," alisema Mwalimu. "Andika. Na uandike mwandiko unaosomeka."

Katibu, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, akaandika.

Miguu alinyanyuka na buti zake, akaja mpaka mbele ya kiti. Kisha akasema, "Juzi nilikaa mezani kwako, Mwalimu. Ungeniambia."

"Ningekuambia," alisema Mwalimu. Miguu alikaa kwenye benchi la mbele, akaanza kuvaa buti, akifunga kamba moja moja.

Kamati iliandika maamuzi yake: karakana ifungwe miezi sita, madawati yachukuliwe na kamati, Msumari afike kwa ofisa wa misitu Jumatatu, Mwalimu asisikilize tena. Ndipo mtaalamu, macho yakiwa mekundu, akasema kuna jambo limebaki. Kundi la pikipiki inayokohoa angeweza kulivunja leo, lakini mashine ingebaki haijui kikohozi ni cha nani. Ilihitaji mifano. Ilihitaji kusikia msumeno wenyewe ukiwashwa, mara ishirini, ukiwa karibu na ukiwa mbali, ili safari nyingine isidanganyike.

"Nani anaweza kuuwasha?" aliuliza mwenyekiti.

"Mmoja tu," alisema Mwalimu. "Una ukaidi wake."

Aliomba atangulie. Alitembea haraka kuliko umri wake, kanga ikimponyoka begani, bila kusalimia kushoto wala kulia. Msumari alikuwa nje ya karakana. Ubao wa juu ya mlango alikuwa ameshauteremsha, umeegemezwa ukutani, herufi zikitazama ukuta. Habari ilikuwa imemtangulia, kama kawaida yake.

"Vaa shati," alimwambia. "Wanakuja. Wasikukute umekaa."

"Nilikuwa nimesimama."

"Vizuri."

Msumari alimtazama mama yake kama anayetafuta pa kumshika. "Umenitaja mbele ya watu wote?"

"Nimejitaja na mimi."

"Hilo linanisaidia nini?"

"Sijui," alisema Mwalimu. "Sijui, mwanangu. Nenda ukautoe chini ya kitanda. Mimi mgongo haunitoshi."

Akaenda. Akaurudisha mabegani, wazi, bila kanga juu yake, na mtaa uliokuwa umeambiwa viazi ukautazama ukipita. Kamati ilikuwa imeshafika. Mtaalamu alifunga simu kwenye nguzo ya karakana, akawaomba watu wanyamaze, wakanyamaza, hata mapacha waliokuwa wamebebwa na mama yao dirishani. Miguu alisimama mbele kabisa, kofia mkononi.

Msumari aliweka msumeno chini, akaukanyaga, akavuta kamba. Ukakohoa, ukakohoa, ukatua, ukawaka. Mtaalamu akainua kidole, Msumari akauzima. Kidole kikainuka tena, akavuta. Kila mara jasho lilimshuka zaidi, na kila mara hakuna aliyeondoka. Baada ya mara ya tatu alipangusa uso kwa mkono wa shati safi, akauliza bila kumtazama mtu, "Zimebaki ngapi?"

Mtaalamu alikuwa amepoteza hesabu. Mwenyekiti alitazama vidole vyake.

"Kumi na saba," alisema Mwalimu. Alikuwa amesimama kando ya mwanawe, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. "Vuta. Hii ni ya nne."